Mfuko wa Wafanyakazi wa Qatar Unamfikia Nani?

Qatar ina mfuko wa serikali unaomlipa mfanyakazi mshahara aliodhulumiwa na mwajiri wake. Ulianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 2018, na kwa Kiarabu unaitwa sunduq, neno lile lile tulilolichukua sisi likawa sanduku. Kazi yake imo katika jina lake: kuwasaidia wafanyakazi na kuwawekea bima. Waswahili wengi tunaokutana nao hapa Umm Salal, walinzi, madereva na wafanyakazi wa nyumbani, hawajawahi kulisikia sanduku hilo. Wachache waliolisikia hulizungumza kwa namna mbili: ama kama muujiza, ama kama hadithi ya kuwalaza watoto. Sisi hatuoni kuwa ni muujiza wala hadithi. Tunaona kuwa ni mpango mzuri uliowekwa mwisho wa njia ndefu mno, na tungependa kueleza kwa nini.

Tunajua wapo wanachama wasioipenda mada hii. Katika kikao cha kupanga toleo hili mmoja wetu alisema sisi ni wageni, baadhi yetu tunasomeshwa na nchi hii, na mgeni hakagui jiko la mwenyeji wake. Hoja hiyo tunaiheshimu. Hata hivyo, wahenga waliosema "mgeni njoo, mwenyeji apone" hawakuweka sharti kwamba mgeni aje na mdomo uliofumbwa. Isitoshe, mfuko huu ni kitu ambacho Qatar yenyewe inajivunia mbele ya dunia, na kinachotolewa nje kuonyeshwa watu hakiwezi kukasirikiwa kikitazamwa.

Mfuko haukushuka kutoka mbinguni. Desemba 2010 Qatar ilipewa uenyeji wa Kombe la Dunia la 2022, na kuanzia hapo macho ya dunia yakageukia wanaojenga. Mwaka 2014 wajumbe wa wafanyakazi katika mkutano wa Shirika la Kazi Duniani waliwasilisha malalamiko rasmi dhidi ya nchi hii. Malalamiko hayo yalifungwa Novemba 2017, baada ya serikali kukubali mpango wa ushirikiano na shirika hilo, na Aprili 2018 shirika likafungua ofisi Doha. Ndani ya miaka hiyo michache sheria zilifuatana kama treni: kamati za kutatua migogoro ya kazi, kuondolewa kwa kibali cha kutoka nchini, kuondolewa kwa ruhusa ya mwajiri wa zamani pale mtu anapotaka kubadili kazi, kisha kima cha chini cha mshahara kilichoanza kutumika tarehe 20 Machi 2021: riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na 500 za malazi na 300 za chakula kama mwajiri hatoi vitu hivyo mwenyewe. Kima hicho hakibagui uraia wala aina ya kazi. Mkenya wa jikoni na Mnepali wa jukwaani wamo humo wote. Katika Ghuba hilo lilikuwa jipya, na anayelibeza hajui hali ilivyokuwa kabla yake.

Utaratibu wa mfuko wenyewe ni rahisi kuueleza. Mfanyakazi asiyelipwa hupeleka malalamiko Wizara ya Kazi. Wizara ina siku saba za kujaribu kuwapatanisha. Wasipopatana, shauri huenda kwenye kamati inayoongozwa na jaji, na kamati inatakiwa iamue ndani ya wiki tatu tangu kikao cha kwanza. Ikiamua kwamba mfanyakazi anadai, na mwajiri akawa amefilisika au halipi, mfuko hutoa fedha, kisha serikali yenyewe ndiyo inayomfuata mwajiri kuzidai. Fedha za mfuko hutoka hasa kwenye ada za vibali vya kazi: asilimia 60 ya ada hizo huingia humo. Kwa maneno mengine, kila mwajiri anayeleta mtu kutoka Kampala au Tanga huchangia kidogo, apende asipende, kwa ajili ya siku ambayo mwajiri mwingine atakataa kulipa.

Na mfuko umelipa. Kiasi kilichotajwa hadharani mwaka 2022 kilikuwa dola milioni 320. Anayesema hilo ni danganyo tu ana kazi ya kuwaeleza maelfu ya watu waliopokea fedha hizo walipokea nini.

Linganisha na kwetu. Katika mahakama zetu za Afrika Mashariki, anayetarajiwa kumlipa fidia mtu aliyetendewa jinai ni yule yule aliyemtendea, baada ya kutiwa hatiani, na kama ana kitu. Aliyeporwa na mtu asiye na mali hurudi nyumbani na karatasi ya hukumu. Kenya ilitunga Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa mwaka 2014, ikitimiza agizo la Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010, na sheria hiyo ina mfuko wake. Tanzania nayo iliweka mfuko katika sheria yake ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu. Lakini simama Kariakoo au Kongowea uulize watu kumi kama wanamjua mtu aliyewahi kulipwa na mifuko hiyo, uone watakavyokutazama. Wazo kwamba dola ilipe kwanza, kisha yenyewe ihangaike na mkosaji, ni wazo ambalo New Zealand ililiingiza katika sheria mwaka 1963 kwa waliojeruhiwa katika uhalifu, na Tamko la Umoja wa Mataifa la Novemba 1985 kuhusu haki za watu waliotendewa uhalifu likalifanya kuwa lengo la kila nchi. Katika mishahara, Qatar imelitekeleza wazo hilo kuliko nchi tulizotoka. Hilo tuliseme wazi kabla ya kusema mengine.

Ila Tamko hilo la 1985 halikuishia kwenye kulipa. Linataka pia mtu aliyetendewa uhalifu aelezwe haki zake, asaidiwe tangu mwanzo wa shauri hadi mwisho, alindwe dhidi ya vitisho, na asicheleweshwe bila sababu. Tukiutazama mfuko kwa kipimo hicho, na tukiutazama tukiwa tumesimama Umm Salal, picha inabadilika.

Asiyeijua Umm Salal ajue kwamba iko yapata kilomita 20 kaskazini ya katikati ya Doha, kando ya barabara kuu ya Shamal. Wageni huletwa kupiga picha minara ya Barzan na ngome ya Umm Salal Mohammed. Wanachopita bila kukitazama ni nyumba zenyewe: majumba makubwa ya familia, kila moja na ukuta wake mrefu na geti lake la chuma. Huku si kama maeneo ya viwandani upande wa kusini, ambako wafanyakazi wa kampuni hulala kumi chumba kimoja na habari husambaa usiku mmoja. Huku mfanyakazi wa nyumbani anaweza kukaa hatua thelathini kutoka kwa Mswahili mwenzake kwa miaka miwili wasijuane. Ijumaa, kwenye soko kuu, upande wa samaki, ndipo unaposikia Kiswahili kikipita, cha Mombasa, cha Mwanza, mara moja moja cha Bujumbura, na hata hapo mara nyingi mwenye kukizungumza amesimama nyuma ya familia akisukuma toroli.

Sasa tumchukulie dada mmoja, wa mfano tu, aliyetoka Kilifi. Hajalipwa miezi mitano. Kwa kima cha chini anadai riyali 5,000. Pasipoti yake iko kwenye kabati la mwenye nyumba. Mfumo wa kulipa mishahara kupitia benki, ambao ungeionyesha wizara kwamba halipwi, ulipoanza mwaka 2015 haukuwahusu wafanyakazi wa nyumbani, kwa sababu sheria ya kazi ya mwaka 2004 iliwaacha nje. Kwa hiyo hana ushahidi wa benki. Ana neno lake tu. Sheria yao wenyewe ya mwaka 2017 inampa siku moja ya mapumziko kila wiki na saa zisizozidi kumi kwa siku, lakini siku hiyo ya mapumziko hutolewa na yule yule anayemdai. Ili alifikie sanduku anatakiwa ajue kwamba lipo, atoke getini, apate nauli, afike mjini siku ya kazi, aeleze shida yake kwa Kiarabu au Kiingereza, arudi kwa kikao, arudi tena, na muda wote huo alale mahali fulani na ale kitu fulani. Kulala wapi? Kwa mwajiri aliyemshitaki?

Hapa ndipo tunapolikosoa sanduku. Halikujengwa ili limsaidie mtu aliyetendewa uhalifu. Limejengwa ili lifunge jalada la mgogoro. Linamkuta mdhulumiwa mwisho wa safari, akiwa tayari ameshinda shauri, na linampa fedha zake mwenyewe. Wakati anapohitaji msaada zaidi, yaani kati ya siku anayotoka getini na siku ya hukumu, halipo. Ripoti ya Amnesty International ya Septemba 2019, kabla mfuko haujaanza kulipa, ilieleza jinsi mamia ya wafanyakazi wa kampuni tatu walivyofungua mashauri, wakasubiri miezi, wakaishiwa chakula, kisha wakakata tamaa na kurudi makwao mikono mitupu. Hao hawakushindwa mbele ya kamati. Wengi walishindwa na tumbo. Mfuko unaomngoja mtu kwenye mstari wa mwisho haumsaidii aliyeanguka katikati ya uwanja.

Kuna mlango mwingine, nao ni lazima tuutaje. Sheria Na. 15 ya mwaka 2011 inaadhibu biashara ya binadamu kwa kifungo cha hadi miaka 7 na faini ya hadi riyali 250,000, na adhabu huongezeka mazingira yakiwa mabaya zaidi. Kamati ya taifa ya kupambana na uhalifu huo iliundwa mwaka 2017, na mwaka 2019 ikafunguliwa nyumba ya hifadhi. Humo mtu hupata malazi, matibabu na ushauri. Ni jambo jema sana. Lakini mlango huo ni wa yule aliyetambuliwa rasmi kwamba aliuzwa au alisafirishwa ili anyonywe. Na mlango wa mfuko ni wa yule aliyeshika hukumu mkononi. Dada yetu wa Kilifi hajatambuliwa na hajahukumiwa. Amesimama kati ya milango miwili, na tunaamini wengi wa Waswahili wenzetu waliodhulumiwa wamesimama hapo hapo.

Sisi ni watu wa lugha, basi turuhusiwe kulalamikia neno. Karatasi zote huita jambo hili mgogoro wa kazi. Kwa Kiswahili mgogoro una watu wawili wanaovutana, kila mmoja akiwa na kamba yake. Anayefanyishwa kazi miezi mitano na kunyimwa ujira ana kamba gani? Neno mshahara lenyewe, tulilolipata kwa Waarabu, limezaliwa na mwezi: ni malipo ya kila mwezi unapoandama. Kuuzuia mshahara miezi mitano ni kuchukua mali ya mtu, na tukitoka nje ya ofisi hakuna asiyejua jina la kitendo hicho. Marekebisho ya sheria ya kazi ya mwaka 2020 yaliliona hilo, yakaweka kifungo kisichozidi mwaka mmoja na faini kwa mwajiri wa kampuni asiyelipa mishahara. Jinai ipo basi kwenye kitabu. Tatizo ni kwamba mlalamikaji huingia kupitia dirisha la upatanishi, na dirisha hilo kazi yake ni kuwapatanisha. Huambiwa achukue nusu ya anachodai aende zake. Mwenye njaa huchukua nusu, na aliyeibia hubaki na nusu ya pili kama faida. Ndiyo biashara gani hiyo?

Kuna baya kuliko hilo. Mfanyakazi anayetoka nyumbani kwa mwajiri bila ruhusa anaweza kuripotiwa kwamba ametoroka. Ripoti hiyo ikiingia, aliyekuja kushitaki anakuwa mshitakiwa, na hatari ya kuwekwa kizuizini na kurudishwa kwao inamwelemea. Wakenya wa Ghuba, ambao kwa ubunifu wa maneno hawashindwi, humwita mtu wa namna hiyo kemboi, kwa jina la bingwa wao wa Olimpiki wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Utani huo unachekesha hadi unapofikiria kwamba mkimbiaji yule aliruka viunzi akapewa medali. Wanaoruka ukuta wa Umm Salal hupewa nambari ya jalada.

Na kuna suala la mdomo. Mwaka 2021 mlinzi Mkenya, Malcolm Bidali, aliyekuwa akiandika mtandaoni kwa jina la kubuni kuhusu maisha ya wafanyakazi hapa, alikamatwa mwezi Mei, akazuiliwa wiki kadhaa, na Julai akatozwa faini ya riyali 25,000 kwa kosa la kuchapisha habari za uongo. Aliondoka nchini Agosti. Hatuna nia ya kuirudia kesi ile. Tunaomba tu msomaji aitazame faini hiyo, kisha atazame sheria ya mwaka 2015 kuhusu kuingia na kukaa nchini. Faini ya juu kabisa kwa mwajiri anayemnyima mfanyakazi pasipoti yake ni riyali 25,000. Mizani imelingana namna ya ajabu. Mpango wa kuwasaidia wadhulumiwa hutegemea wadhulumiwa waseme, na mtu aliyeona mwenzake akilipishwa kwa kusema atafikiri mara mbili kabla ya kupanda basi kwenda wizarani. Sisi wenyewe tumeijadili sentensi hii mara mbili kabla ya kuiacha ilivyo.

Kwa waliokwisha ondoka, mambo ni mafupi na machungu. Sheria ya kazi inatoa mwaka mmoja tangu mkataba uishe, baada ya hapo dai la mishahara hufa. Aliyerudishwa Kisumu akiwa na begi la nguo, akahitaji miezi minane kulipa deni la wakala na kujipanga, amebakiwa na minne, na mwanasheria yuko Doha. Mei 2022 Amnesty na wenzake waliitaka FIFA itenge dola milioni 440 za fidia kwa waliodhurika. Serikali ilijibu kwamba mfuko wake unatosha. Novemba 2024 FIFA ilitangaza mfuko wa urithi wa dola milioni 50, na fedha zake zikaelekezwa kwenye miradi ya afya, wakimbizi na mafunzo ya biashara pamoja na mashirika ya kimataifa. Wakimbizi wanastahili msaada, nani atakataa? Lakini hawakuwa wao waliojenga viwanja.

Hatuwezi kuweka kalamu chini tukiwa tumeisema Qatar peke yake. Serikali zetu hupokea fedha wanazotuma hawa dada na kaka, na huzitaja kwenye hotuba za bajeti kwa fahari. Mafunzo ya kabla ya safari, pale yanapotolewa, humfundisha msichana kutumia mashine ya kufulia na kumwambia avumilie. Hatujakutana na hata mmoja hapa Umm Salal aliyeambiwa huko nyumbani kwamba Qatar kuna kamati, kuna mfuko, na kuna mwaka mmoja tu wa kudai. Wakala aliyempeleka anajua, lakini wakala hana faida kwa mteja anayejua. Balozi zetu ziko Doha. Zina watu wema na wachache, na tumesikia pia majibu ya mtu aliyechoka: "vumilia, mkataba utaisha." Hilo si jibu la kumpa mtu aliyeibiwa.

Tunachopendekeza kwa mfuko ni kidogo, na hakihitaji Kombe lingine la Dunia. Kwanza, mfuko ulipe posho ya kujikimu tangu siku malalamiko yanapopokelewa, hata kama ni zile riyali 500 na 300 ambazo sheria yenyewe imeshazihesabu kuwa gharama ya malazi na chakula. Mfanyakazi akishindwa shauri, hasara ni ndogo. Akishinda, mwajiri atadaiwa hizo pia. Pili, ripoti yoyote ya utoro isimamishwe papo hapo pale mfanyakazi anapoonyesha kwamba alishafungua malalamiko, au akiyafungua ndani ya siku chache baada ya kutoka. Tatu, aliyeondoka aweze kufungua dai kupitia ubalozi wa Qatar ulioko nchini kwake, na ule mwaka mmoja uhesabiwe kuanzia siku aliyopata nafasi hiyo. Katika hayo matatu, la kwanza ndilo tunalolishikilia zaidi. Mtu anayekula anaweza kungoja hukumu.

Kuhusu sisi, chama chetu kina wanachama wanaosoma sheria na tafsiri, na Ijumaa zao nyingi huishia kwenye simu za watu zenye ujumbe wa Kiarabu ambao mwenye simu hawezi kuusoma. Kazi hiyo imekuwa ikifanywa kimya kimya, kila mtu kivyake. Tunapendekeza iwe kazi ya chama: kijikaratasi kimoja, pande mbili, kinachoweza kukunjwa kikaingia kwenye kifuniko cha simu, chenye hatua za kulalamika na ule muda wa mwaka mmoja. Kiandikwe Kiswahili ambacho mama wa Likoni na kijana wa Bukavu watakisoma bila kuita mtu. Hapo ndipo tulipokwama, na ndipo tunapowahitaji wahadhiri wetu.

Tulikwama kwenye neno la kumwita mtu mwenyewe. Wanachama kutoka Kenya waliandika mwathiriwa. Watanzania wakataka mwathirika, wakakumbushwa kwamba kwao neno hilo limebebeshwa ugonjwa kwa miaka mingi, na msomaji anaweza kudhani kijikaratasi kinahusu kliniki. Mhanga lilipendekezwa likapingwa, kwa sababu mhanga kwa asili ni yule anayejitoa mwenyewe, na hawa hawakujitoa. Cha kushangaza, Kiarabu cha hapa nacho kina tatizo hilo hilo: dhahiya, neno lao la mtu aliyetendewa uhalifu, lina mzizi mmoja na mnyama wa kuchinjwa Idi Kubwa. Manusura ni zuri, ila humaanisha aliyekwisha kupona, na tunayemwandikia bado yumo ndani ya geti. Katika makala haya tumetumia mdhulumiwa, kwa sababu ndilo tulilolisikia midomoni mwao wenyewe: "nimedhulumiwa," husema, hawasemi "nina mgogoro." Waliopinga wanasema ni pana mno, hata aliyepunjwa chenji sokoni ni mdhulumiwa. Rasimu ya kijikaratasi ina nafasi ya mistari kumi na minne, na mstari wa kwanza bado uko wazi.